Safari Hupangwa kwa Kisima, si kwa Gari

Imezuka hamu mpya miongoni mwa vijana wetu wa pwani, nayo ni hamu ya kusafiri kwa gari hadi kaskazini mwa nchi, huko Marsabit, jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana. Hununua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, wakalipaka rangi ya mchanga, wakalifunga taa sita juu ya paa, na wakisha kupiga picha mbele yake huona nusu ya safari wamekwisha kuimaliza.

Mimi sina ugomvi na hamu hiyo. Naipenda na naiombea dua. Ugomvi wangu ni na namna safari hizo zinavyopangwa. Aghlabu hupangwa kinyumenyume. Huanza kwa gari, kisha vifaa, kisha chakula, na mwisho kabisa, usiku wa kuamkia safari, ndipo mmoja hukumbuka kuuliza habari za maji na za watu wa huko. Ilivyopasa ni kuanza kwa maji na watu, na gari likaja nyuma.

Nalisema hili hadharani kwa sababu si jambo la mzaha. Mtu akikosea mpango wa safari ya Malindi, atachelewa harusi. Akikosea mpango wa Chalbi, huenda akarudishwa kwa machela, au asirudi. Na hasara hiyo haimkuti yeye peke yake. Humkuta pia mwenyeji, ambaye atamwaga kiriba chake cha mwisho ili amnusuru mgeni asiyemjua, na watoto wake wakalala na kiu.

NCHI YENYE WENYEWE

Chanzo cha kosa hili ni fikra kwamba kule ni nchi tupu. Mtu huitazama ramani, akaona weupe mtupu baina ya Marsabit na ziwa, akasema moyoni: hapa hapana mwenyewe. Lakini nchi ile ina wenyewe tangu zama. Wako Warendille na Wagabbra na ngamia wao, wako Waborana, Wasamburu na Waturkana, na kando ya ziwa wako Waelmolo, watu wachache waishio kwa uvuvi. Kila bonde lina jina, na kila kisima kina wenyewe na taratibu zake.

Mathalan, Waborana wana mtu aitwaye abba herega, yaani baba wa zamu. Kazi yake ni kupanga ni nani atakayenywesha mifugo leo, na nani kesho, na nani atangoja siku ya tatu. Kisima kikiwa kirefu, vijana hujipanga ndani yake ngazi kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu kwenye hori, huku wakiimba ili mikono isipotezane. Mimi kama mtunzi wa mashairi nakiri kwamba sijui mahali pengine ambapo wimbo una kazi nzito kama hiyo: wimbo ukikatika, maji hayapandi.

Sasa tazama. Kwa desturi ya huko, mpita njia mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Sisi tuliosoma chuoni twaijua hukumu hiyo, maana tumefunzwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Lakini kumpa kiu yake mtu mmoja ni jambo moja, na kujaza madumu kumi ya lita ishirini ni jambo jingine. Mwenye kujaza madumu kumi amekuja na kundi la mifugo, hata kama mifugo yenyewe ni chuma. Yampasa aende kwa abba herega kama wenziwe, aombe zamu, na akiambiwa angoje, angoje.

Wala tusisahau yaliyowapata watu wale juzi juzi. Tokea mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa kwa makundi. Watu waliokuwa na ngamia na mbuzi walibaki na kamba mikononi. Basi kijana atokaye Mombasa akaegesha gari lake kando ya kisima kama hicho, akalikosha vumbi ili litoke zuri pichani, huyo si msafiri. Sina jina la kumpa ambalo mhariri atakubali kulichapa.

MANENO YA WAZEE WETU

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba sisi watu wa pwani hatukustahili kufunzwa mambo haya na yeyote. Kupanga safari ndefu ilikuwa kazi yetu. Mwaka 1887, Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungaria, pamoja na mwenziwe von Höhnel walipotaka kwenda kaskazini kulitafuta ziwa, hawakuanzia Ulaya kuuliza njia. Walikuja Pangani, wakaajiri wapagazi wa pwani, na wakamchukua Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe, awe kiongozi wao. Kimemeta huyo huyo ndiye aliyekuwa amefuatana na Mskoti Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai miaka michache kabla. Teleki alilifikia ziwa mwezi wa Machi 1888, akaliita kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likakaa mpaka mwaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Vitabu vimejaa majina ya mabwana. Majina ya wapagazi waliokufa kwa njaa na uchovu katika safari ile, na walikuwa wengi, ni taabu kuyapata.

Lakini elimu yao haikufa yote. Imo ndani ya lugha, na twaisema kila siku bila ya kuijua.

Chukua neno posho. Leo ni unga wa mahindi. Asili yake ni chakula cha msafara, kibaba cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Maana yake ni kwamba wazee walihesabu chakula kwa vichwa na kwa siku, wala hawakuhesabu kwa makasha. Chukua neno mnyapara. Leo ni msimamizi wa kazi. Zamani alikuwa ndiye mkuu wa wapagazi, neno lake likisemwa halirudi. Chukua kirongozi, yule aliyetangulia mbele na kuijua njia. Msafara haukuwa na mtu mmoja afanyaye yote. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe kabla ya mzigo wa kwanza kuinuliwa.

Na chukua terekeza, ambalo wazungu wa zama zile waliliandika vitabuni mwao kwa namna mbalimbali, wengine tirikeza. Ulikuwa mwendo wa kuvuka nchi isiyo na maji. Msafara ulikunywa ukashiba penye maji, ukaondoka adhuhuri, ukatembea mpaka giza, ukalala pakavu bila ya maji, na alfajiri ukainuka ili uyafikie maji ya pili kabla jua halijawa kali. Tazama akili iliyomo. Waliigawa kiu sehemu mbili, wakaweka usiku katikati, ili joto la siku moja lisiwapate watu wote kwa pamoja. Huo ndio mpango. Hauna chombo hata kimoja cha kununua dukani.

HESABU YA VIJANA SITA

Mwaka jana vijana sita wa mtaani kwetu walinijia na karatasi ya safari yao. Walikusudia kutoka Mombasa hadi Marsabit, wakatize Maikona, Kalacha na North Horr, waushukie mji wa Loiyangalani kando ya ziwa, kisha warudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal. Walikuwa na gari moja, Land Cruiser. Karatasini mlikuwa na jokofu, hema la kufunga juu ya paa, kamera ya kuruka angani, na viti vya kukunja. Nikawaambia: “Wanangu, tuhesabuni pamoja.”

Kutoka Mombasa hadi Marsabit ni kiasi cha kilomita elfu moja, na yote ni lami. Hapo mtu hahitaji ushauri wangu. Lakini kutoka Marsabit kupitia Chalbi hadi Loiyangalani ni baina ya kilomita 250 na 300 za mchanga, chumvi na mawe ya volkeno, na kutoka hapo hadi Maralal ni zaidi ya 200 nyingine. Tuseme siku nne za mwendo, na mbili za akiba. Kila mtu anywe lita tano kwa siku, maana joto la kule si la Nyali ambako upepo wa bahari humpunguzia mtu. Watu sita, lita tano, siku sita, ni lita 180. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tayari ni kilo 180.

Dizeli nayo. Gari linalokunywa lita kumi na mbili kwa kilomita mia juu ya lami, kwenye mchanga kwa gia ya nguvu litakunywa kumi na nane au ishirini. Wazee wa barabara wana kanuni yao: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya yale asiyoyajua ila Mola. Wachukue lita mia zaidi ya zilizomo tangini, na huo ni uzito wa kilo 85 hivi. Wao wenyewe vijana sita ni kilo 420 kwa makisio. Jumla ni kilo 685, na bado hatujaweka tairi mbili za akiba, jeki, pampu, koleo, mbao za kuwekea chini ya magurudumu, sufuria wala mchele. Gari limekwisha kushiba, na jokofu lingali nje mlangoni.

Walitazamana. Mmoja akasema, “Basi, mzee, tupunguze maji.” Nikamwambia, “La, mwanangu, punguzeni watu, au ongezeni gari la pili.” Gari moja peke yake katika nchi ile ni kama mtu mmoja kwenye ngalawa katikati ya kusi. Likikatika springi, hakuna wa kulivuta wala wa kwenda kuita fundi.

Mmoja wao, kijana mcha Mungu, alikuwa ameongeza kando ya karatasi lita nyingine arubaini za kutawadhia. Nia yake ni njema, na hapana shaka atapata thawabu yake. Lakini mashekhe wetu walitufunza tangu tukiwa wadogo kwamba maji yakiwa ni ya kunywa, kiu hutangulia udhu, hata kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa, na mtu atatayamamu kwa mchanga safi. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya. Hizo ni rehema, na mpango mzuri huzitumia rehema alizopewa mtu.

Tena tulifunzwa kwamba watu watatu wakisafiri, wamfanye mmoja wao awe amiri. Nikawauliza hao sita, amiri wenu ni nani? Kila mmoja alimtazama mwenye gari. Nikasema mwenye gari ndiye asiyefaa kabisa, kwa maana yeye ataionea gari uchungu kuliko watu. Amiri ni yule atakayeweza kusema, “Turudi,” wakati wenziwe watano wanataka kuendelea.

RAMANI YA MAJINA

Huenda mtu akaniuliza, wewe wa pwani umeyajulia wapi haya? Mwaka 1996, nikiwa mwandishi kijana, nalipanda lori kutoka Isiolo kwenda Marsabit. Lami haikuwako wakati ule, na magari yalikwenda kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa pamoja nasi kwa hofu ya majambazi. Lori letu lilikuwa la zamani, likikohoa kama mzee wa pumu, na dereva alikuwa mtu mzima wa Marsabit ambaye sote tulimwita Baba.

Tulipokaribia Laisamis, alasiri, springi ya nyuma ilikatika. Abiria tulishuka tukaanza kila mtu kutoa shauri lake. Baba hakuitazama springi. Kwanza aliwaita watu wote, akauliza kila mmoja ana maji kiasi gani, akayakusanya, na ufunguo wa pipa akampa mama mmoja mkongwe aliyekuwa akienda kwa binti yake. Nilipomwuliza kwa nini hakumpa utingo wake, alinijibu kwamba mwanamume mwenye ufunguo hunywa usiku watu wakilala.

Kisha alimtuma utingo pamoja na kijana wa Kirendille waende kwa miguu kwenye boma moja lililokuwa nyuma ya kilima, akawataja kwa jina mzee wa boma hilo na akasema wamsalimie na kumwuliza hali ya mguu wake. Hazikupita saa tatu, wakarejea na watu wawili na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Usiku ule springi ilifungwa kwa gogo la mti na vipande vya tairi kuukuu, na asubuhi tukaondoka.

Nalijifunza jambo ambalo sijalisahau. Baba hakuwa na ramani ya karatasi. Ramani yake ilikuwa ya majina ya watu. Kila masafa ya njia alijua ni boma la nani lililo karibu, na kila boma alilijua kwa salamu iliyotangulia. Mpango wa safari ile haukufanywa Isiolo asubuhi ile. Ulifanywa miaka mingi nyuma, kwa kusimama, kunywa chai, na kuulizana hali.

SIMU ZA ANGANI

Wapo watakaonijibu kwamba hayo yalikuwa zamani. Leo kuna simu za setilaiti, na ramani imo kiganjani, yakuonyesha ulipo hadi hatua yako. Nakubali, na nasema kila msafara na uchukue simu hiyo, maana kwingi kule simu zetu za kawaida hazishiki. Lakini chombo hicho kina mpaka wa ujuzi wake.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Juu yake kuna ganda jeupe la chumvi, linang'aa na kukaza kama sakafu ya msikiti. Chini ya ganda hilo, mvua ikiwa imenyesha hata mbali, huwa kuna tope liwezalo kulimeza gari hadi mlangoni. Setilaiti huona weupe tu. Mtoto wa Kigabbra aliyepita jana na ngamia wake ndiye ajuaye ni wapi ganda limeiva na wapi bado. Vilevile setilaiti haijui ni ukoo gani na ukoo gani hawasemezani wiki hii kwa sababu ya mifugo iliyoibwa. Hilo si la kupuuzwa. Mwezi wa Novemba 2012, karibu na Baragoi, katika bonde la Suguta, zaidi ya askari arubaini waliuawa walipokuwa wakifuatia mifugo iliyoibwa. Walikuwa na silaha na redio. Basi wewe mwenye kamera na viti vya kukunja, uliza kwanza. Uliza polisi, uliza chifu, uliza madereva wa malori, na wakikwambia leo njia hiyo si nzuri, usibishane nao.

Hata Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyelivuka lile jangwa kuu la Bara Arabu mara mbili katika miaka ya 1940, hakulivuka kwa werevu wake. Alivuka na Mabedui, ambao walijua kisima kimoja kiko umbali wa siku ngapi kutoka kingine, na maji yake ni matamu au machungu. Mzee huyo baadaye aliishi miaka mingi Maralal, kwenye njia hii hii niitajayo, na magari hakuyapenda mpaka alipotoka duniani mwaka 2003. Mimi sisemi tuyachukie magari. Nasema tu kwamba aliyesifiwa kuliko wote kwa safari za jangwani alikuwa mgeni aliyekubali kuongozwa.

HAKI YA MWENYEJI

Limebaki neno moja la msafara, nalo limeharibika vibaya mno. Ni hongo. Leo hongo ni fedha ya kificho, chini ya meza, na mwenye kuitoa na mwenye kuipokea wote wamepotea. Zamani hongo ilikuwa ada ya wazi, aliyotoa mwenye msafara kwa mwenye nchi ili apite, apige kambi, na wapagazi wake wanywe maji. Ilijadiliwa mchana, mbele za watu, na ikisha kulipwa mgeni alikuwa chini ya ulinzi wa mwenyeji. Wazungu wengi waliiandika kuwa ni unyang'anyi, kwa sababu hawakuona ya kwamba walikuwa wakipita ndani ya nyumba ya mtu.

Neno siwezi kulirudisha, lakini haki yenyewe yaweza kurudishwa. Katika karatasi ya safari iandikwe mapema: ujira wa kiongozi wa kila sehemu, maana Mrendille hatakuongoza vyema katika nchi ya Waturkana, ada ya kambi itakayolipwa kwa wazee wa mahali, na kitu cha kuchukua chenye manufaa, kama majani ya chai, sukari, na dawa ambazo muuguzi wa huko atakwambia zinahitajika. Peremende za kuwarushia watoto kupitia dirisha la gari ziachwe dukani. Mtoto wa mtu hatupiwi kitu kama kuku.

Gari nalo, kwa kuwa zamu yake sasa imefika, ni rahisi. Chukua lile ambalo fundi wa Marsabit amekwisha kulifungua mara mia, kuliko jipya ambalo ufunguo wake uko Nairobi. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi kiasi cha pauni kumi na nane, na ukitoka mchangani ujaze tena, maana mawe ya volkeno ya upande wa ziwa hukata tairi laini kama kisu. Mizigo mizito iwe chini, isiwe juu ya paa. Chalbi ivuke asubuhi. Epuka miezi ya masika na ya vuli. Maji ya ziwa yana magadi. Wenyeji huyanywa, lakini tumbo la mgeni litalalamika, na mamba wamo. Karatasi moja ya njia na tarehe iachwe nyumbani, na nyingine kwa polisi wa Marsabit. Na gari likikwama, usiliache ukaenda kwa miguu kubahatisha. Gari huonekana mbali kuliko mtu.

TWENDENI

Kuna wazee wenzangu wasemao kwamba safari hizi ni anasa, na heri fedha zake zitolewe sadaka. Sadaka ni wajibu wa kila siku, lakini siwaungi mkono katika kuwazuia vijana. Sisi watu wa pwani twaijua Maskati na Dubai kuliko tuijuavyo Marsabit. Mtu atakwambia bei ya dhahabu ya Dubai asubuhi, na hajui Wagabbra ni nani, hali ni raia wenziwe.

Na ujinga huo hautatufaa mbele ya yanayokuja. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale imekwisha. Karibu na Loiyangalani, kwenye ule upepo usiolala, ziko mashine 365 za kuzalisha umeme, zilizozinduliwa rasmi mwaka 2019. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza mwezi wa Mei 2021, na mradi wake wakusudia kuifunga Lamu na Isiolo na nchi za mbele yake kwa njia moja. Maana yake ni kwamba bara ya kaskazini yarudi kuwa jirani ya pwani, kama ilivyokuwa zama za Kimemeta. Jirani huyo tutamjia vipi? Tukimjia kwa madirisha yaliyofungwa, tukapiga picha na kujaza madumu, atatujua kwa hilo, na bidhaa zetu zitakapopita kwake atatulipa kwa kipimo hicho. Tukimjia kwa salamu na kwa haki yake mkononi, tutakuwa tumepanga safari za watoto wetu pia.

Kwa hayo nimetunga ubeti mmoja, kwa wale wapendao kubandika kitu mbele ya usukani:

Safari yataka hima, na kupangwa kwa makini,
Maji ni ya kuyapima, dumu kwa dumu nyumbani,
Na mwenyeji wa kusema, ndiye ajuaye ndani,
Asouliza kisima, kiu humla njiani.

Kijana, kabla hujalifungua kasha la vifaa, mtafute mtu mmoja wa Marsabit. Wako Mombasa hii hii, wafanyao kazi nasi na wasalio nasi. Mwulize kwao ni wapi, kisima chao kinaitwaje, na mzee wake nani. Ukisha kuyaandika majibu matatu hayo, umekwisha kuuanza mpango. La gari tutalizungumza baadaye.